Bei ya Neno Moja

Kazi yangu ni kufasiri. Napokea maandishi ya Kiingereza na kuyatoa kwa Kiswahili, mara chache kinyume chake, nami nimeishi kwa kazi hiyo hapa Dar es Salaam tangu miaka ya 1990, mingi kati ya miaka hiyo nikiwa sina mwajiri. Mtu akiniuliza nafanya kazi gani nikamjibu, swali linalofuata aghalabu ni moja: "Na hiyo wanalipa?" Haliulizwi kwa ubaya. Ni swali la mtu ambaye Kiswahili amekikuta nyumbani, bure, kama hewa na jua, na haoni inawezekanaje mtu kuuza kitu ambacho kila mpita njia anacho mdomoni.

Muuza nyanya hana taabu hiyo. Nyanya zake zimo kwenye fungu, zinaonekana, na mnunuzi akisema ni ghali, wote wawili wanatazama fungu lile lile. Sisi tunaouza kazi ya kichwa na vidole, yaani wafasiri, wachoraji, wapiga picha, wahariri, na siku hizi vijana wanaotengeneza programu za kompyuta, fungu letu halionekani mpaka limekwisha kuandaliwa, na likiisha kuandaliwa linaonekana dogo. Karatasi sita. Nembo moja. Picha 20. "Ndizo hizi tu?"

Kwa sababu hiyo wengi wetu hupanga bei kwa kumtazama mtu usoni. Akija na gari la ubalozi, bei inapanda. Akija kwa miguu, inashuka. Akiwa mkali wa maneno, tunanywea. Sikatai kwamba biashara haigombi, nami nimekulia katika mji ambako kununua kanga bila kuvutana bei ni kama kuondoka bila kuaga. Lakini muuza kanga anapovutana na wewe, anajua yeye mwenyewe aliinunua kwa kiasi gani, na chini ya hapo hashuki hata umwimbie. Mfasiri anayepanga bei kwa sura za watu hajui alinunua kwa kiasi gani. Anaweza kushuka na kushuka, na asitambue ni wapi alipoanza kufanya kazi kwa hasara.

Mimi somo la kwanza la bei nilipewa na fundi cherehani. Alikuwa na mashine yake barazani pale Kariakoo, nami nilikuwa nikimpelekea vitambaa vyangu. Kitambaa ni changu, ushonaji ni wake. Vitu hivyo viwili hakuvichanganya kamwe. Wala hakutaja bei kabla ya kupima. Alizungusha utepe, akaandika tarakimu zake katika daftari lililokwisha majalada, kisha akauliza: itiwe bitana? Mifuko mingapi? Unaitaka lini? Ukimwambia Jumamosi, na leo ni Alhamisi, bei ilipanda, naye hakuficha sababu: "Hiyo ni ya kukesha, dada." Halafu alitaka nusu ya fedha kabla ya kushika mkasi. Siku moja nilimwuliza kwa nini nusu, na kwa nini kabla. Akanijibu kwamba kitambaa kikishakatwa kwa kiuno chako, hakuna mwingine wa kukivaa.

Sijapata kusikia mtu mwenye shahada akieleza malipo ya awali vizuri kuliko hivyo. Kanuni za kazi za kiwanda cha mtu, nikishazifasiri, siwezi kuzitembeza mtaani nikamtafutia mnunuzi wa pili. Nami nataka nusu kabla, na kazi ya kukesha naitoza mara moja na nusu, tena naandika katika profoma kwamba nyongeza hiyo ni ya haraka, ili mteja asiye na haraka ajue kuwa haimhusu.

Naomba msomaji anivumilie nikae kidogo katika jambo la kupima, maana hapo ndipo haki inapopotea kabla hata tarakimu haijatajwa. Zamani tulilipwa kwa ukurasa. Ukurasa ulikuwa kipimo chema kwa sababu taipureta ilikuwa mashine isiyojua hila: herufi zote saizi moja, mistari ikiachwa nafasi, na ukurasa mmoja ulichukua kama maneno 250. Ikaja kompyuta, na ukurasa ukawa kama mpira. Nimewahi kuletewa "kurasa kumi tu" zilizobanwa kwa herufi ndogo kama zile za karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa, bila pambizo wala nafasi kati ya mistari. Nilipozihesabu vizuri, zilikuwa kurasa 30 za taipureta. Aliyezileta hakuwa mwizi. Alikuwa mtu wa kawaida aliyeona kwamba karatasi ni ghali kuchapa.

Basi wengi wetu tukahamia kwenye neno. Kompyuta inahesabu maneno yenyewe, hakuna ubishi. Ubishi ukahamia mahali pengine: maneno ya upande upi? Chukua neno "sitakusahau". Kwa Kiswahili ni neno moja. Kwa Kiingereza ni maneno matano. "Hawajatuambia" ni neno moja. Kwa Kiingereza yanatoka sita. Lugha yetu inabeba nafsi, wakati, mtendwa na kukanusha ndani ya kitenzi kimoja, kama mama aliyebeba mtoto mgongoni, ndoo kichwani na kikapu mkononi, na bado ukimhesabu ni mtu mmoja. Kiingereza kinawatembeza wote kwa mstari. Kwa hiyo maandishi ya maneno 1,000 ya Kiingereza, yakifasiriwa kwa Kiswahili cha watu, hurudi yakiwa yamepungua, na anayelipa kwa neno la Kiswahili huwa amekata bei bila kutamka neno punguzo.

Kuna ubaya mwingine ambao hausemwi sana. Ukimlipa mfasiri kwa maneno ya Kiswahili aliyoyaandika, unamwadhibu anayeandika kwa ufupi na kumtuza anayerefusha. "Kuhusu maji" itakuwa "katika suala zima linalohusiana na masuala ya maji". Nimesoma ripoti nyingi za namna hiyo, na katika baadhi yake nadhani nilikuwa nasoma njia ya malipo kuliko mawazo ya mwandishi. Kwa sababu hiyo mimi natoza kwa maneno ya maandishi yanayoletwa. Yako pale tangu siku ya kwanza, mteja anaweza kuyahesabu mwenyewe, na mimi sina faida yoyote katika kurefusha.

Sasa tarakimu. Nitaandika hesabu kama ilivyo katika daftari langu, ingawa nimeviringisha tarakimu ili zisomeke. Ni mfano, si amri. Kila mtu ana nyumba yake.

Mwaka una siku 365. Toa Jumamosi na Jumapili, zinabaki 261. Toa sikukuu za taifa na za dini zinazoangukia siku za kazi, tuseme 15, zinabaki 246. Aliyeajiriwa, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ana siku 28 za likizo yenye malipo. Kwake siku hizo ni za kalenda, lakini mimi nimejikatia 28 za kazi, kwa maana hakuna mwingine wa kunipa. Zinabaki 218. Toa siku kumi za ugonjwa na misiba, na anayeishi mjini hapa na ana ukoo ajue kwamba kumi ni chache. Zinabaki 208. Halafu toa theluthi ya hizo, maana siku za kuandika profoma, kujibu simu, kufuatilia malipo, kungoja umeme urudi na kukaa tu bila kazi nazo ni siku. Mkononi zinabaki kama 140. Hizo ndizo siku ambazo kweli nauza. Siku njema nafasiri maneno 2,000 ya maandishi ya kawaida na kuyasoma tena. Mara 140, ni maneno 280,000 kwa mwaka. Hilo ndilo shamba langu lote.

Upande wa pili: nyumba inahitaji shilingi 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka. Kazi yenyewe, kwa maana ya kompyuta na matengenezo yake, umeme wa LUKU, bando, kamusi, nauli na sehemu ya kodi ya chumba, shilingi 3,600,000. Akiba ya uzee na matibabu, 2,400,000. Aliyeajiriwa huchangiwa na mwajiri wake katika mfuko wa hifadhi ya jamii, mimi najichangia peke yangu. Kodi ya serikali naitengea 2,000,000. Jumla ni 22,400,000. Gawanya kwa maneno 280,000. Unapata shilingi 80 kwa neno.

Watu wengi wakiiona hesabu hii wanashangaa siku, si shilingi. Walidhani naishi kwa siku 261. Kijana anayetoka kwenye ajira akaanza kujitegemea huchukua mshahara wake wa zamani, akaugawa kwa siku za mwezi, akaona amepata bei. Kumbe ameuza likizo yake, ugonjwa wake na uzee wake kwa bei ya sifuri. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya mtu kama mimi ni siku.

Hizo 80 ni sakafu ya mwaka mzima, kwa kuchanganya kazi ngumu na nyepesi. Maana neno halina uzito mmoja. Mwalimu Nyerere alipoufasiri mchezo wa Shakespeare uliochapwa mwaka 1969, kichwa cha Kiingereza kilimtaja mfanyabiashara mmoja. Yeye akaandika Mabepari wa Venisi. Mmoja akawa wengi, na wafanyabiashara wakawa mabepari. Ni neno moja tu, lakini limebeba hoja nzima, na sidhani kwamba mtu angeweza kumlipa kwa kulihesabu. Sisi wadogo tuna mifano ya chini zaidi. Nilipofasiri mwongozo wa mradi wa maji, nilikwama kwenye majina ya vipande vya bomba. Kamusi zilinipa maneno mazuri ambayo hakuna fundi angeyaelewa. Nikatoka, nikakaa nusu siku na mafundi bomba wawili, wakinionyesha kipande kimoja kimoja na kuniambia wanakiitaje. Nilirudi nyumbani na maneno tisa. Kwa shilingi 80 nusu siku ile ilikuwa na thamani ya shilingi 720. Siku hizi kazi ya kiufundi ina mstari wake katika profoma, "utafiti wa istilahi", unaolipwa kwa saa.

Ndugu na marafiki ni sura nyingine. Shemeji yangu mmoja aliwahi kuniletea katiba ya chama chao cha kuzikana na kukopeshana, kurasa 22, niifasiri "ukipata nafasi". Nilipomwuliza kuhusu malipo alicheka, akasema, "Shemeji, undugu ni kufaana." Nami nikamwambia ndiyo, ni kufaana, wala si kufaa, ile -na ya mwisho ndiyo yenye kazi. Tulicheka wote wawili. Nilimfanyia kazi ile bila kulipwa fedha, lakini nilimpa ankara. Niliandika bei kamili, chini yake nikaandika punguzo la asilimia 100, chini yake sifuri. Alidhani ni utani. Baada ya wiki mbili alinitumia fundi wake wa umeme akatengeneza nyaya za chumba changu cha kazi, na risiti ya fundi ikiwa imekwisha lipwa. Nimeendelea na desturi hiyo kwa wote ninaowasaidia. Mwanafunzi anayetaka cheti cha kuzaliwa kifasiriwe ili aombe chuo, nampa punguzo kubwa, na analiona kwa macho. Mtu asiyeona bei hajui kama amepewa zawadi. Anajua tu kwamba kazi ile haina thamani, naye atamwambia hivyo jirani yake.

Lakini kuna mahali ambapo bei ya chini si suala la mfasiri peke yake. Shirika moja la afya, ambalo sitalitaja, lilinipa vipeperushi 14 vya maelezo ya dawa nivihakiki kabla havijapelekwa kwa mpiga chapa. Vilikuwa vimekwisha kufasiriwa. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, kwa kweli kizuri kuliko nilivyotarajia, mpaka nilipofika kwenye kipeperushi cha tisa. Hapo mama aliambiwa ampe mtoto dawa "saa 8 asubuhi na saa 8 usiku".

Msomaji wa Kiswahili ameshaona. Saa 8 asubuhi haipo. Mama angekisia kwamba ni saa 2 asubuhi, na kuhusu usiku angeamini alivyoambiwa: angemwamsha mtoto saa 8 usiku. Kutoka saa 2 asubuhi mpaka saa 8 usiku ni saa 18. Kutoka hapo mpaka saa 2 asubuhi ni saa 6. Dawa iliyopaswa kuachana kwa saa 12 ingeachana kwa 18, kisha ikarundikana ndani ya sita. Na mama angekuwa amefuata maelezo barabara.

Niliomba jina la mfasiri, wakanipa. Nilimpigia simu, akaja nyumbani kesho yake, msichana wa miaka kama 25, mwenye shahada ya lugha. Alinisalimu, "Shikamoo mama," akakaa kwenye ncha ya kiti. Sikumwita kumkaripia na nilimwambia hivyo mapema. Nilimwonyesha ule mstari. Aliushika mdomo wake kwa kiganja.

"Nilikuwa najua, mama," akasema. "Niliandika haraka nikasema nitarudi kuzigeuza saa zote. Sikupata muda wa kusoma tena."

"Walikupa siku ngapi?"

"Mbili."

"Na kwa neno?"

"Shilingi 15."

Vipeperushi vile vilikuwa na maneno kama 11,000. Kwa mwendo wangu ni kazi ya siku tano na nusu, pamoja na kuyasoma tena. Yeye aliifanya kwa siku mbili na usiku wake. Kwa shilingi 15, ni 165,000. Kwenye malipo walikata kodi ya zuio ya asilimia 5, ikabaki 156,750, naye aliipata baada ya miezi mitatu. Hati ya kodi ile hakupewa, kwa kuwa hakujua kuiomba, ingawa ni fedha yake iliyotangulia kufika TRA na angeweza kuihesabia kwenye kodi yake ya mwaka. Mimi kwa siku tatu za kuhakiki, nikilipwa kwa saa, nilipata zaidi ya alivyopata yeye kwa kufasiri. Nilimwambia hilo waziwazi. Sikuona sababu ya kumficha.

Nimefikiri sana juu ya shilingi zile 15. Shirika lilidhani limeokoa fedha. Lakini bei hununua muda, na muda uliokosekana pale haukuwa wa kuandika, kwa maana kuandika aliandika vizuri. Ulikosekana ule wa kusoma tena asubuhi, kichwa kikiwa kimepoa, ambao hakuna mteja anayeuona na hakuna ankara inayoutaja. Ukikata bei ya mfasiri kwa nusu, hafasiri nusu ya maneno. Anafasiri yote na kuacha kusoma tena. Nadhani ni hivyo hivyo kwa kijana anayetengeneza programu ya kompyuta asiyelipwa muda wa kuijaribu, na kwa mchoraji wa ramani za nyumba asiyelipwa nauli ya kwenda kukiona kiwanja.

Vipeperushi vilirekebishwa kabla ya kuchapwa, na barua niliyoliandikia shirika lile ilikuwa na hesabu zote mbili, ya kwake na ya kwangu.

Mambo ya fedha yenyewe nitayapitia upesi. Mteja anayelipa baada ya siku 90 hanilipi bei ile ile na anayelipa baada ya wiki. Mimi huandika siku 30, na asiyekubali huongezewa bei tangu mwanzo. Shilingi yetu nayo haikai mahali pamoja: mwaka 1995 dola ya Marekani ilikuwa kama shilingi 575, na mwaka 2024 ilipita 2,600. Anayeshika bei moja kwa miaka mitano huku akidhani ana msimamo ajue kwamba kompyuta atakayonunua inatoka ng'ambo. Zamani wengine wetu tulikimbilia kutaja bei kwa dola hata kwa mteja wa mtaa wa pili. Tangu Machi 2025 kanuni zimekataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, na mimi sioni ubaya. Napitia hesabu yangu kila Januari na kuwatangazia wateja wa zamani miezi miwili kabla.

Kuhusu mashine zinazofasiri, watu hutarajia nilie. Kiswahili kiliingia katika mashine ya Google mwaka 2009, na tangu wakati huo zimekuwa hodari, siwezi kuwadanganya. Siku hizi mteja huja na maandishi yaliyokwisha kupitishwa huko na kusema, "Ni kuhariri tu, mama, robo ya bei." Sikatai wala sikubali hapo hapo. Naomba nusu saa. Nahariri kwa nusu saa, nahesabu nimefika wapi, halafu nampa bei kwa saa kutokana na nilichokiona. Maandishi mengine huwa mepesi kweli, na mteja hulipa kidogo, kwa haki. Mengine ni heri kuanza upya, maana kila sentensi ni sahihi ukiitazama peke yake na zote pamoja hazizungumzi na mtu yeyote. Mafundi nguo wanaijua kazi hii: kurekebisha suti iliyoshonwa na mwingine, ambapo unalipwa kufumua kabla hujashona.

Yule msichana alirudi kwangu mara tatu. Mara ya kwanza alikuja na daftari, tukafanya hesabu ya siku zake na nyumba yake, ambayo ni ndogo kuliko yangu ila ina mama mgonjwa. Shilingi zake zilitoka 62. Alizitazama kwa muda mrefu, akasema hakuna atakayempa. Nikamwambia wapo watakaokataa, na kwamba akiwa na 15 atahitaji siku zaidi ya 500 katika mwaka. Akagawanya mwenyewe kwenye simu yake kuhakikisha.

Mara ya pili alikuja kunieleza kwamba wawili wamekataa.

Mara ya tatu alileta profoma ya kitabu cha mafunzo ya ufugaji wa kuku, maneno 18,000, aliyoombwa na mradi mmoja. Ilikuwa imepangwa vizuri: kufasiri, kusoma tena kwa mstari wake, istilahi kwa saa, nusu kabla, siku 30, hati ya kodi ya zuio. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, alikuwa ameandika "bei inazungumzika". Nilichukua kalamu nikakata maneno hayo mawili, nikamrudishia karatasi.

Walimjibu baada ya siku tisa. Waliomba apunguze. Alijibu kwamba atapunguza, wamwonyeshe tu sehemu wasiyoihitaji. Wakaondoa dibaji, salamu za mgeni rasmi na kurasa nne za shukrani, na kazi ikaanza Jumatatu.